Usukani wa trekta dogo unapoanza kucheza: kipi ubadilishe, kipi utengeneze na kipi kisiguswe na moto

Hivi karibuni tulikuwa kwenye gereji moja hapa Rwamishenye, Manispaa ya Bukoba, tukirekodi kipindi cha kilimo, akaingia mzee mmoja kutoka upande wa Muhutwe. Alikuwa na mfuko wa sandarusi mkononi. Ndani yake mlikuwa na kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja na vidole, kimevunjika vipande viwili. Ulikuwa mkono wa usukani wa trekta lake dogo, ule unaoshika gurudumu la mbele upande wa kushoto.

"Nichomelee hapa, mwanangu, nirudi na gari la saa nane," alisema.

Fundi alikiosha kwa dizeli, akakiangalia juani, kisha akatuonyesha sisi na mwenye mali. Kipande kile kilikuwa na alama mbili za kuchomelewa zamani, na kilikuwa kimevunjika mara ya tatu pembeni kidogo ya alama hizo.

"Hii siichomelei, waitu," alisema. "Ningekuchomelea ningekula hela yako leo, na kesho ningekuja msibani."

Mzee alikaa kwenye benchi akatueleza yaliyompata. Alikuwa akishuka mteremko na tela lenye mikungu ya ndizi, vijana wawili wamekaa juu yake. Usukani ukawa mwepesi ghafla, ukazunguka bila trekta kukata kona. Gurudumu la kushoto likageukia nje peke yake, trekta likapanda ukingo wa barabara na kusimama kwenye udongo. Hakuna aliyeumia. Upande wa pili wa barabara palikuwa na korongo.

Mpendwa msikilizaji, tangu tuliposimulia kisa hicho hewani tumepokea maswali mengi kutoka Bukoba Vijijini, Muleba na Missenyi. Wengi mmeuliza jambo lile lile: sehemu za usukani zikiharibika, zinatengenezwa au zinabadilishwa? Jibu fupi ni kwamba inategemea sehemu yenyewe. Jibu refu ndilo makala haya.

Safari ya nguvu kutoka mkononi hadi kwenye tairi

Ukizungusha usukani, nguvu ya mkono wako hupita kwenye vyuma kadhaa kabla ya kufika kwenye tairi. Ukivijua kwa majina, hata ukimpigia fundi simu mtaelewana.

Kwenye trekta lenye usukani wa kawaida, nguvu hushuka kwa shafti ya usukani hadi kwenye sanduku la gia za usukani. Sanduku hilo huzungusha mkono mmoja mfupi ambao mafundi huuita pitmani. Pitmani husukuma na kuvuta fito za chuma zinazoitwa tairodi. Kila mwisho wa tairodi una kichwa chenye gololi ndani yake, yaani tairodi endi. Gololi hiyo ndiyo inayoruhusu fito kugeuka na kupanda na kushuka wakati trekta linapita kwenye mashimo. Tairodi hushika mkono wa gurudumu, na mkono huo hugeuza gurudumu zima likizunguka kwenye pini ya wima iitwayo kingpini.

Kwenye trekta lenye usukani wa mafuta, ambao wengi tunauita pawa, pampu husukuma mafuta hadi kwenye silinda iliyo karibu na ekseli ya mbele, na silinda ndiyo inayosukuma tairodi. Lakini kuanzia kwenye tairodi kwenda kwenye tairi, vyuma ni vile vile. Pawa haiondoi uchakavu. Mara nyingi inauficha, kwa sababu mkono wako hausikii tena uzito wala mtikisiko.

Kitu kimoja zaidi cha kukumbuka: ekseli nzima ya mbele imeshikwa katikati na pini moja kubwa, ili iweze kulala upande huu au ule trekta likipita kwenye tuta. Pini hiyo na bushi zake nazo huchakaa, na zikichakaa utadhani ni usukani.

Kwa nini huku kwetu mbele ndiko kunakoumia

Trekta dogo huku kwetu haliingii kwenye kibanja. Migomba na mibuni imebanana, hakuna pa kupita. Kazi yake iko rweya, kwenye nyasi. Na rweya tunaijua: mawe yamejificha chini ya majani, na vichuguu vilivyokauka vikawa vigumu kama saruji. Gurudumu la mbele likigonga kichuguu kwa mwendo, pigo lote huenda kwenye mkono wa gurudumu na tairodi.

Sababu ya pili ni tela. Trekta nyingi ndogo zikimaliza kulima hubeba mchanga, matofali, ndizi na kahawa. Tela likizidiwa mzigo, hasa mzigo ukielemea mbele ya tela au trekta likipanda mlima, uzito wa mbele hupungua na magurudumu ya mbele hugusa ardhi kidogo tu. Dereva anazungusha usukani, trekta linakwenda moja kwa moja. Usukani ukiwa mwepesi kupita kawaida ukiwa unapanda kilima, shukuru kwa onyo hilo, simama na upunguze mzigo. Hapo usitafute kosa kwenye tairodi.

Sababu ya tatu ni kugeuza usukani trekta likiwa limesimama kabisa. Tairi linakwaruza ardhi, na kila kiungio kinabeba nguvu isiyo ya lazima. Sogeza trekta kidogo ndipo ugeuze.

Sababu ya nne ni ukosefu wa grisi. Vitabu vingi vya matrekta madogo husema sehemu zenye nipo zipigwe grisi kila baada ya saa 50 za kazi, na mara nyingi zaidi kama trekta linafanya kazi kwenye matope au maji. Kwa mvua zetu za Kagera, saa 50 ni nyingi. Mafundi tuliozungumza nao hapa Rwamishenye wanashauri mara moja kwa wiki wakati wa msimu. Angalia pia kwamba grisi mpya inaingia na ile chafu inatoka. Nipo iliyoziba kwa udongo hukudanganya: unapiga grisi, inamwagika nje, ndani pakavu.

Jipime mwenyewe kabla ya kumwita fundi

Vipimo hivi havihitaji mashine. Vinahitaji mtu wa pili, jeki na muda wa nusu saa.

Kwanza, angalia upepo wa matairi ya mbele. Tairi moja likiwa na upepo kidogo, trekta huvutia upande huo. Watu wamenunua tairodi wakati walihitaji pampu ya baiskeli.

Pili, pima mchezo wa usukani. Simamisha trekta mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiangalia mbele sawasawa. Kama ni la pawa, acha injini ikiwaka polepole. Zungusha usukani taratibu kwa kidole hadi uone tairi linaanza kusogea, kisha rudi upande wa pili. Kwenye matrekta mengi madogo, ukingo wa usukani unaruhusiwa kusogea kati ya milimita 20 na 50 kabla tairi halijaitika. Milimita 50 ni kama upana wa vidole vitatu vya mtu mzima. Ukizidi hapo, kuna kitu kimechakaa. Kama una kitabu cha trekta lako, fuata kipimo chake.

Tatu, tafuta mahali mchezo ulipo. Mwenzako azungushe usukani kidogo kushoto na kulia. Wewe kaa pembeni, si mbele ya tairi, uangalie kiungio kimoja baada ya kingine. Pale ambapo upande mmoja unasogea na upande wa pili umetulia, hapo ndipo penye ugonjwa. Usitie vidole kati ya vyuma.

Nne, nyanyua gurudumu moja la mbele. Hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu watu huumia. Zima injini, toa ufunguo, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kwa kuwa ekseli ya mbele inacheza kwenye pini ya katikati, trekta linaweza kulala upande likiwa juu ya jeki. Ingiza kabari za mbao kati ya ekseli na bodi pande zote mbili. Kisha weka gogo la mti mgumu chini ya ekseli. Tofali halifai, hata likiwa la kuchoma. Hupasuka bila taarifa.

Gurudumu likiwa juu, lishike upande wa mbele na wa nyuma, ulitikise. Likicheza, tazama tairodi endi. Kisha lishike juu na chini, ulitikise tena. Likicheza hivyo, tatizo ni beringi au kingpini. Kuzitofautisha ni rahisi: kama gurudumu linacheza peke yake na mkono wa gurudumu umetulia, ni beringi. Kama gurudumu na mkono wake vinacheza pamoja, ni kingpini au bushi zake.

Tano, tazama mpira mdogo unaofunika gololi ya tairodi endi. Ukipasuka, maji na vumbi vimeshaingia. Tairodi endi nyingi za matrekta madogo hazina nipo, grisi yake ni ile iliyowekwa kiwandani. Mpira ukipasuka, anza kutafuta nyingine hata kama hii haijaanza kucheza.

Makundi matatu ya vipuri

Fundi wetu alizipanga sehemu za usukani katika makundi matatu, nasi tunaona mpangilio huo unasaidia.

Kundi la kwanza ni vile vya kubadilisha tu: tairodi endi, beringi, sili, bolti na nati za kushikia mikono, pini ndogo za kufungia nati, na hozi za mafuta ya pawa. Vimetengenezwa ili vichakae badala ya vyuma vikubwa. Kupigilia gololi ya tairodi endi kwa nyundo ili ibane kunaiweka kwa siku chache tu, halafu inachomoka. Nayo ikichomoka, gurudumu linabaki halina mwenyewe.

Kundi la pili ni vile vinavyoweza kutengenezwa na fundi mwenye vifaa. Bushi za kingpini na za pini ya katikati zinaweza kuchongwa upya kwenye mashine ya kuchonga vyuma, ile inayoitwa lezi, kama za dukani hazipatikani. Tundu la ekseli lililopanuka linaweza kutanuliwa kwa kipimo na kuingizwa bushi mpya. Silinda ya pawa inayovuja inaweza kuwekwa sili mpya, mradi fimbo yake haijakwaruzika wala kupinda. Sanduku la gia za usukani linaweza kufunguliwa, kubadilishwa beringi na kurekebishwa, lakini na fundi anayelijua. Ukikaza skrubu ya marekebisho bila kujua, usukani utabana njia moja na gia zitaliwa haraka.

Kundi la tatu ni vile visivyoguswa na moto: pitmani, fito ya tairodi yenyewe, mkono wa gurudumu, na shafti fupi inayobeba gurudumu. Hivi vikipinda au kupata ufa, vinabadilishwa.

Kwa nini kuchomelea hakusaidii

Tunajua neno hili linaudhi, kwa sababu tela hilo hilo, jembe hilo hilo na bodi hiyo hiyo vimechomelewa mara nyingi na vinafanya kazi. Tofauti ni nini?

Mikono ya usukani haitengenezwi kwa chuma cha nondo au cha dirisha. Chuma chake hufinyangwa kwa nguvu kikiwa cha moto, kisha hupashwa na kupozwa kwa vipimo maalumu ili kiwe kigumu na wakati huo huo kiweze kuvumilia kupinda kidogo na kurudi. Moto wa kuchomelea unavuruga kazi hiyo yote. Pembeni ya mstari wa kuchomelea, chuma kinapashwa sana na kupoa haraka, kinakuwa kikavu kama kioo. Mbele kidogo kinakuwa laini. Sasa una kipande kimoja chenye tabia tatu. Tairi likigonga jiwe, nguvu inakimbilia pale pakavu na ufa unaanza. Ndiyo maana mkono wa yule mzee ulivunjika pembeni ya alama.

Kunyoosha nako kuna hadithi yake. Chukua waya wa kufungia nondo. Ukunje, unyooshe, ukunje tena. Mara ya kwanza hauoni kitu. Baada ya mara kadhaa unakatika, na pale ulipokatikia pana joto ukipashika. Tairodi iliyopinda kwa kugonga kichuguu imeshakunjwa mara moja. Ukiinyoosha juu ya jiwe umeikunja mara ya pili. Kwa macho imenyooka, lakini ndani imechoka, na rweya itaendelea kuikunja kidogo kidogo kila siku.

Jembe lililochomelewa likivunjika shambani, unapoteza asubuhi moja. Mkono wa usukani ukivunjika mteremkoni ukitoka Kamachumu, hakuna breki itakayokurudishia njia.

Kubadili tairodi endi, hatua kwa hatua

Hii ndiyo kazi ya usukani inayojitokeza mara nyingi, na mwenye spana na subira anaweza kuifanya.

Weka trekta tambarare na ulizuie kama tulivyoeleza. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, tia mafuta mepesi, uache kwa muda.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu. Kisha pima kwa futi umbali kutoka katikati ya gololi moja hadi katikati ya nyingine, uandike. Hesabu pia nyuzi zinazoonekana nje ya nati ya kufungia. Namba hizi zitakuokoa baadaye.

Legeza nati ya kufungia iliyo kwenye fito. Tahadhari: kwenye tairodi nyingi, mwisho mmoja una nyuzi za kawaida na mwingine una nyuzi za kinyume. Kama haifunguki, usiongeze bomba kwenye spana kabla ya kujaribu upande wa pili.

Toa pini ndogo ya kwenye nati ya chini. Legeza nati hiyo hadi iwe sawa na ncha ya bolti, lakini usiitoe yote. Sasa usipige bolti kutoka chini, utaharibu nyuzi. Bolti hii imechongwa kama koni na imebana ndani ya jicho la mkono. Weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho, na upige upande wa pili kwa nyundo nyingine, mapigo makavu mawili matatu. Jicho linatanuka kidogo na koni inaachia. Nati uliyoibakiza inazuia fito kukudondokea.

Zungusha tairodi endi itoke huku ukihesabu mizunguko. Mpya iingie kwa mizunguko ile ile.

Kabla ya kukaza, jaribu koni ya mpya ndani ya jicho kwa mkono. Ikae imara, isiyumbe. Kama inayumba, aidha kipuri si chenyewe, au jicho limechakaa na kuwa la mviringo usio sawa. Usizungushie bati la kopo ili ijae. Hapo ni mkono wenyewe unaohitaji kubadilishwa.

Kaza nati. Kama tundu la pini halijalingana na nafasi ya nati, endelea kukaza mpaka lilingane. Usirudishe nyuma. Weka pini mpya na uikunje. Msumari na waya si pini. Msumari hukatika, waya hulegea, na wewe hutasikia ukiwa juu ya kiti.

Sasa pima mwelekeo wa magurudumu. Chora alama kwa chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa mbele, kwenye kimo cha ekseli. Pima umbali kati ya alama hizo. Sukuma trekta mbele hadi alama zifike nyuma, kwenye kimo kile kile. Pima tena. Kwenye matrekta mengi madogo umbali wa mbele unatakiwa kuwa mfupi kuliko wa nyuma kwa milimita 2 hadi 8. Kama si hivyo, zungusha fito kurefusha au kufupisha, upime tena, ndipo ukaze nati ya kufungia. Magurudumu yakitazamana sana au yakiachana, matairi yataliwa upande mmoja kabla msimu haujaisha.

Mwisho, washa injini, zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, uangalie kama kuna kinachogusana au hozi inayobanwa. Jaribu shambani kwa gia ndogo, bila tela. Baada ya saa moja ya kazi, kagua tena nati zote.

Kama usukani wako ni wa pawa

Ukiwa mzito, anza na rahisi: kiwango cha mafuta, kisha chujio, kisha mkanda kama pampu yako inaendeshwa na mkanda. Mafuta yakiwa na povu, kuna hewa. Baada ya kufunga hozi au silinda, jaza mafuta, washa injini ikiwaka polepole na uzungushe usukani mara kadhaa kutoka mwisho hadi mwisho ili hewa itoke, kisha uongeze mafuta.

Usishikilie usukani ukiwa umefika mwisho wakati pampu inalia. Kilio hicho ni mafuta yanayotafuta pa kutokea, na yanachemka.

Na tafadhali, usitafute uvujaji kwa kiganja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa nguvu yanaweza kupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama umechomwa na sindano, lakini ndani kinaharibu mkono. Tumia kipande cha boksi. Likikupata, nenda hospitali mara moja, hata kama huna maumivu, na umweleze daktari kwamba ni mafuta ya mashine.

Kupata kipuri ukiwa kijijini

Trekta lenye usukani mbovu lisiendeshwe barabarani kuja mjini. Acha trekta nyumbani, safirisha kipuri. Bodaboda au Hiace itakuletea Rwamishenye kwa gharama ndogo kuliko ajali.

Kabla ya kusafiri, tumia simu yako. Piga picha ya kibati chenye aina na namba ya trekta, picha ya sehemu iliyoharibika ikiwa bado imefungwa, na picha nyingine ikiwa pembeni ya futi. Tuma kwa fundi au muuza vipuri. Kisha beba kipuri cha zamani chenyewe, vipande vyote.

Kibati ni muhimu kwa sababu trekta dogo lililotumika Japani na kuletwa huku linaweza kuwa la Kubota, Iseki au Yanmar lililotengenezwa kwa soko la Japani peke yake. Jina la kampuni ni lile lile, lakini namba ya aina ni tofauti na zile zinazouzwa nchi nyingine, na kipuri cha aina inayofanana kwa macho kinaweza kukataa kuingia. Dukani linganisha vitu vitatu: unene wa koni juu na chini, unene wa nyuzi na upande zinakozungukia, na urefu mzima. Kipuri cha gari kinachokaribiana si kipuri chenyewe.

Kisichopatikana Bukoba huagizwa Mwanza au Dar es Salaam, na wengine huvuka Mutukula kwenda Kampala. Popote, dai risiti yenye jina la kipuri. Ukiuziwa bandia, risiti ndiyo ushahidi wako, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia.

Somo hili si geni. Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, vijiji vingi nchini vilipata pawa tila na matrekta, na mengi yaliishia kuegeshwa kwa kukosa vipuri na mafundi. Kabla ya kununua trekta, uliza kwanza ni nani anauza tairodi endi yake.

Kagua kabla ya mvua

Huku kwetu mvua ni za misimu miwili, vuli na masika. Wengi hukagua trekta siku mvua ya kwanza inaponyesha, wakati kila fundi ana foleni. Fanya vipimo tulivyoeleza mwezi Julai au Agosti kwa ajili ya vuli, na Januari au Februari kwa ajili ya masika. Kipuri kikihitaji kuagizwa, kitafika wakati shamba bado linasubiri.

Yule mzee wa Muhutwe hakuondoka na gari la saa nane. Fundi alipiga picha ya vipande vile, akampigia mwenye duka Mwanza, na mkono ukaagizwa. Alikaa bila trekta zaidi ya wiki mbili, na sehemu ya shamba la maharage ililimwa kwa jembe la mkono. Alipokuja kuchukua kipuri alinunua pia tairodi endi mbili na pini zake. Tulimuuliza kuhusu wale vijana wa juu ya tela.

"Sasa wanatembea kwa miguu," alijibu. "Tela ni la ndizi."

Kama una swali kuhusu trekta lako, tutumie ujumbe au picha kupitia namba ya studio unayoisikia hewani. Taja aina ya trekta na mahali ulipo. Tutampelekea fundi, na majibu tutayasoma kwenye kipindi cha kilimo.